Tupeane uzoefu: mlipanda Kilimanjaro na kundi la wenye nguvu na wasio na nguvu, njia mlichaguaje?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Desemba ukoo wetu tunakutana nyumbani Old Moshi kama kawaida, na safari hii vijana wamekuja na wazo kwamba kabla ya Krismasi tupande mlima. Wazo nimelipenda sana, maana wengi wetu tumezaliwa tukiuona Kibo kila asubuhi na hatujawahi kufika hata getini.

Shida ni kundi lenyewe. Yupo binamu anayekimbia marathoni, yupo shemeji wa Dar anayeshinda kwenye kiti cha ofisi, yupo shangazi aliyevuka sitini na goti linamsumbua akishuka, na yupo mtoto wa darasa la sita. Wakimbiaji wanataka njia ya Machame kwa ajili ya mandhari. Mimi ndiye mpangaji. Sitaki mtu aachwe nyumbani, wala sitaki wenye nguvu wanyimwe kilele. Waliowahi kwenda na mchanganyiko kama huu, naombeni visa vyenu.

Mgumu wa zamani

Nimebeba mizigo njia karibu zote, baadaye nikawa msaidizi wa muongozaji. Kundi la namna hiyo mimi naliuliza swali moja kabla ya mengine: mtu akishindwa katikati, anatokea wapi, na wenzake wanaendeleaje?

Njia ya Marangu unapanda na kushuka pale pale. Kituo cha Mandara kipo mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo 3,720, kituo cha Kibo (si kilele chenyewe) kama 4,720, na kote huko mnalala ndani ya nyumba, si kwenye mahema. Atakayechoka Mandara alale hapo, asubuhi ashuke na msaidizi mmoja, na msafara hauvurugiki. Shangazi akiishia Horombo, anapumzika, na wenzake wakitoka kileleni wanamkuta, kwa sababu lazima wapitie hapo kushuka.

Machame haiko hivyo. Mnaingilia geti moja, mnatokea geti la Mweka. Uwanda wa Shira, njiani, kuna barabara, gari la kuokolea linafika. Lakini ukishapita ukuta wa mwamba wa Barranco, kutoka ni kwa kuteremkia Mweka, na aliyezidiwa anashushwa kwa machela ya gurudumu moja kwenye ngazi zile. Nimeishika hiyo machela, si kazi ndogo kwa mgonjwa wala kwa wanaoisukuma.

Dada wa Njiro

Kaka mgumu nakuheshimu, ila Machame isihukumiwe haraka. Sisi tulikuwa wafanyakazi wa ofisi moja hapa Arusha, kuna waliokuwa wanakwenda gym na kuna ambao mazoezi yao ni kupanda ngazi za ofisi. Aliyezidiwa wa kwanza alikuwa yule mwenye mapafu ya mpira. Alipanda kwa kasi kuelekea mwamba wa Lava Tower, mita 4,600, akafika kichwa kinamgonga na chakula hakishuki. Tukateremka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, asubuhi akaamka mzima. Hiyo ndiyo faida ya Machame: unapanda juu mchana, unalala chini usiku, mwili unazoea. Marangu ya siku 5 haina kitu hicho. Mnatoka Horombo moja kwa moja mpaka Kibo, na usiku huo huo mnaanza kilele.

Nilichojifunza ni kwamba usipange kundi kwa kuangalia nani anakimbia. Hewa nyembamba haimuulizi mtu rekodi yake ya marathoni. Mama mmoja wetu mnene, mpole, alitembea nyuma ya wote tangu getini, na alifika Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, salama kabisa.

Mgumu wa zamani

Kwenye hilo la siku 5 dada umesema kweli tupu, na ndiyo maana mimi simshauri mtu Marangu ya siku 5. Ongezeni siku moja Horombo. Siku hiyo wenye nguvu wanapanda kuelekea kilele jirani cha Mawenzi mpaka Mawe ya Pundamilia na zaidi, wachovu wanajikokota kidogo na kurudi, usiku wote wanalala palepale. Kwa kundi mchanganyiko hiyo ndiyo siku tamu kuliko zote, maana kila mtu anatembea kwa kipimo chake na chakula cha jioni mnakula pamoja.

Usa River

Mlima Meru je? Sisi vijana wa mtaani tulikwenda. Mita 4,562, siku tatu au nne, nyumba za kulala Miriakamba na Saddle. Wasiotaka usiku wa kilele wanapanda kilele kidogo cha Little Meru jioni kutokea Saddle, na wanaona kila kitu. Ila mjue jambo moja: kwa sababu ya nyati mnatembea na askari mwenye bunduki, kwa hiyo hamuwezi kutawanyika mnavyotaka. Mwenye haraka atamsubiri mwenye kuchelewa. Halafu ule ukingo wa kuelekea kileleni ni mwembamba, anayeogopa urefu atateseka. Mtoto nisingempeleka.

Mama wa Kibosho

Mleta mada, mimi ndiye shangazi yako kwa umri na kwa goti. Niliwaambia wanangu mapema kwamba kilele si changu, changu ni Horombo. Siku ya kwanza ndani ya msitu wa Marangu niliona mbega juu ya miti, ukungu umetanda, nikamkumbuka marehemu baba aliyekuwa akituonyesha msitu ule kwa mbali. Kutoka Mandara nikatembea hadi kreta ya Maundi bila haraka. Goti halikunisumbua kupanda, lilinisumbua kushuka, kwa hiyo mnunulie au mkodishie shangazi fimbo mbili pale Moshi mjini, na begi lake abebe mpagazi. Tafadhali msimwambie "jitahidi, kilele kipo karibu". Mwacheni achague kituo chake kabla hamjaondoka nyumbani.

Nesi KCMC Road

Nyongeza fupi. Mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda kilele, wenu amevuka, lakini mtoto hajui kueleza kichwa kinavyouma, kwa hiyo awe na mtu mzima mmoja wa kumwangalia tu yeye. Akipepesuka kama mlevi, au mtu yeyote akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Mnaotaka kutumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muoneni daktari kwanza, na mwenye mzio wa dawa za salfa aseme.

Mleta mada

Asanteni sana, nimewasomea wote kwenye kikao cha ukoo. Tumekubaliana Marangu siku 6. Shangazi amechagua Horombo mwenyewe, kwa furaha. Binamu mkimbiaji bado anauliza: usiku wa kilele itabidi aende mwendo wa shemeji?

Mgumu wa zamani

Hapana. Ombeni wasaidizi wa kutosha ili kila atakayegeuka ageuke na mtu wake, na hilo liandikwe kabla hamjalipa. Pale Kibo wa mwendo wa taratibu watangulie saa tano usiku, wakimbiaji waondoke saa sita na nusu, wakutane Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, kunapokucha. Aliyeishia Gilman's naye anapata cheti, shemeji ajue hilo. Kibo hakuna chemchemi, maji yanabebwa kutoka chini, kwa hiyo kila mtu ajaze chupa zake kwenye maji ya mwisho baada ya Horombo. Na vitanda wekeni nafasi sasa hivi: Desemba Horombo inalaza wanaopanda na wanaoshuka kwa pamoja, na bila hiyo siku ya ziada mpango wenu wote unaanguka.