Suruali za jeshi za mtumba kwa kazi ya juani: nichukue kitambaa gani? Na nikizibeba kwenda Bongo itakuwaje?

Mpogoa Miti
Wakuu, habari za muda huu. Niko Houston, Texas, kibarua changu ni kukata nyasi na kupogoa miti kwenye nyumba za watu. Jinzi zimenishinda. Joto la huku lina unyevu kama Dar ya Februari, ikifika saa nne asubuhi suruali imeshalowa jasho na mapaja yanawaka moto.

Kuna duka linauza vitu vilivyotoka jeshini. Nimekuta rundo la suruali za mabaka, bei ya kutupa. Kuna za zamani zenye kijani, kahawia, nyeusi na rangi ya mchanga, halafu kuna zenye vimiraba vya kijivu kama picha iliyoharibika kwenye simu. Mifuko ya pajani mikubwa, magoti yana kitambaa mara mbili tangu kiwandani.

Naomba kujua: nichague kitambaa kipi, maana kwa macho naona sawa ila nyingine nzito? Kwa nini lebo inakataza kutia wanga? Na Desemba naenda nyumbani, nataka nimbebee shemeji yangu anayelima mpunga Kilombero, pamoja na vijana wake. Kuna tatizo?

Mzee wa Ifakara
Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakalokuharibia Krismasi. USIBEBE.

Tarehe 24 Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa kila raia mwenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, azisalimishe kambini au kituo cha polisi. Soma tena hapo kwenye "zinazofanana". Hawakusema sare ya Tanzania peke yake, na wafanyabiashara wanaoingiza nguo za aina hiyo walitajwa pia. Msingi wake ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa na Kanuni ya Adhabu, ambazo zipo miaka mingi. Askari aliyekukuta nazo Kidatu hatakaa kusikiliza kwamba mabaka yako ni ya Kimarekani. Na shemeji yako ndiye atakayebaki nazo huko shambani wewe ukiwa umesharudi Houston.

Binti Swahilini
Shemeji anapelekewa suruali, anaishia kuruka kichurachura 😂 Mpelekee simu, kaka.

Wa Kasarani
Kenya ni vilevile, usijaribu. Uganda ndiyo usiseme, tangu 2019 hata bereti nyekundu imo kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Na siyo Afrika tu, Jamaica na Barbados raia haruhusiwi mabaka, hata mtalii. Marekani ndiyo wamelegea. Wawindaji na watoto wa shule wanavaa, mradi usibandike vyeo na nembo ukajifanya askari.

Fundi Kiuno Kimoja
Sasa tuje kwenye kitambaa, ndiyo kazi yangu.

Hizo za rangi nne ni BDU, yaani sare ya vita ya zamani ya Wamarekani, walianza kuzigawa 1981. Za mwanzo zilishonwa kwa kitambaa cha nusu pamba nusu nailoni, kilichofumwa kwa mistari ya mshazari kama jinzi. Kigumu, kinadumu, lakini kinabana joto. Askari waliopelekwa Grenada mwaka 1983 walilalamika sana, ndipo ikaja ya nchi za joto yenye kitambaa chepesi cha ripstopu. Kuitambua ni rahisi: inyanyue kwenye mwanga utazame vimiraba vidogo. Hivyo ni nyuzi nene zilizopitishwa kila baada ya nafasi ndogo, ili kitambaa kikichanwa na mwiba mpasuko ufike kwenye uzi mnene ukwame hapo.

Ripstopu nayo ina matoleo mawili. La kwanza ni pamba tupu: laini, hewa inapita, ila ikilowa inachelewa kukauka na inapauka haraka. La baadaye lina nailoni nusu: linakauka upesi na halichakai ovyo. Kwa jasho la Houston mimi ningechukua hilo la pili. Isipokuwa kama unashika na mashine ya kukatia chuma au kuchomelea. Hapo tafuta pamba tupu, kwa sababu cheche ikitua kwenye nailoni inayeyuka na kugandia ngozi. Pamba inaungua tu ikatoboka.

Soma lebo ya ndani, imeandikwa asilimia. Isipokuwepo, achana na maneno ya muuzaji. Na pitisha mkono kwenye makalio na magoti ukiwa umeigeuza nje ndani. Pale pana tabaka mbili, na la ndani ndilo linaloanza kuisha.

Sajini Mstaafu wa Diaspora
Hizo za vimiraba nimezivaa, kwa hiyo nazisemea. Zilianza kugawiwa 2005 zikitarajiwa zifae jangwani, mjini na porini, na kusema kweli hazikufaa vizuri popote. Afghanistan ilibidi askari wapewe mabaka mengine kuanzia 2010, na ilipofika Oktoba 2019 za vimiraba zilikuwa zimeondolewa kabisa jeshini. Ndiyo maana zimejaa madukani kwa bei hiyo.

Wewe hujifichi kwa mtu, rangi isikusumbue. Tatizo lako ni velkro, yale mabaka ya kunata yanayofungia mifuko yake. Kwa mkata nyasi ile kitu inazoa kila kijani kinachoruka, baada ya wiki haishiki tena. BDU ina vifungo, na vingi vimefunikwa na ukingo wa kitambaa visinase kwenye matawi. Chukua yenye vifungo.

Kuhusu wanga: rangi za sare zimetengenezwa ili kwenye darubini ya usiku nguo irudishe mwanga karibu na majani yanavyofanya. Wanga na pasi ya moto vinaharibu hilo, na sabuni zenye dawa ya kung'arisha zinamfanya mtu aonekane kama taa. Wewe hilo halikuhusu. Ila wanga unaziba kitambaa na utakutoa jasho bure, kwa hiyo iheshimu tu lebo.

Mama Wawili Katy
Mbona hakuna aliyesema la barabarani? Mdogo wangu anafanya kazi hiyohiyo. Unasimama pembeni ya njia, nyuma yako miti, umevaa nguo iliyobuniwa ili usionekane! Kama utavaa mabaka, juu weka kizibao cha rangi ya chungwa chenye mikanda inayong'aa.

Mpogoa Miti
Duh. Asanteni, sana wewe Mama Wawili, hilo halikunijia kabisa. Mabaka ya Bongo nimefuta. Vipi nikipata mshono huohuo usio na mabaka?

Fundi Kiuno Kimoja
Zipo, viwanda vinashona BDU za rangi moja kwa ajili ya polisi na walinzi: nyeusi, bluu iliyokolea, khaki. Za kupeleka nyumbani kwepa kijani cha jeshi hata kama haina baka.

Binti Swahilini
Nyeusi watamwita mlinzi wa benki, khaki watasema Chadema.

Mzee wa Ifakara
Bluu basi. Na tope la mpunga halionekani sana.

Mpogoa Miti
Bluu imepita. Ukubwa je? Mimi jinzi navaa kiuno 33, na miguu yangu siyo mirefu.

Fundi Kiuno Kimoja
Hawauzi kwa namba moja, wanaandika ukubwa wa kiuno na urefu. "Medium" inabeba kiuno cha inchi 31 hadi 35, na pembeni kuna mikanda midogo ya kukazia. "Regular" ni mguu wa ndani inchi 29.5 hadi 32.5, chini ya hapo chukua "Short". Usifikirie utakata tu, maana ukikata unapoteza kamba za chini, na hao sisimizi wekundu wa Texas unawajua. Zifunge juu ya buti.

Mpogoa Miti
Hao nawajua vizuri. Jumamosi narudi dukani.