Hivi kwanini asiye na bomba analipa maji ghali kuliko mwenye bomba?

Mama K wa Goba: Jamani wiki ya pili huku bomba linatoa hewa tu, nanunua dumu la lita 20 kwa 300 kwa kijana wa mkokoteni, maji yenyewe ya chumvi hata maharage hayaivi. Hii bei inapangwaje?

Fundi Bomba: Piga hesabu dada, uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50, kwa 300 ni elfu 15!! Bei ya bombani inapitishwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, na haisogelei hata kidogo hapo, ila ya mkokoteni ni soko huria, maji yakikata tu inapanda. Inaniuma sana maana anayeumia ni mpangaji asiye na tenki, mwenye simtank la lita 5,000 hata hajui kama kuna mgao.

Mzaramo: Tatizo tunategemea Mto Ruvu mno, mnakumbuka Oktoba 2022 kina kiliposhuka jiji zima la Dar likaingia kwenye mgao. Ndo maana Bwawa la Kidunda, la kwenye mto huo huo, ni muhimu, litunze maji ya masika tuyatumie kiangazi

Mama K wa Goba: Asante wadau. Elfu 15, mh! Ngoja nikamuoneshe mwenye nyumba hiyo hesabu leo leo.