Kukusanya kazi za uandishi wa kibiashara: barua pepe, Google Classroom au Moodle?

Mkufunzi wa Jioni:
Ndugu wakufunzi, salaam. Ninafundisha uandishi wa kibiashara katika chuo cha kati hapa Tanzania. Wanafunzi wangu huandika barua za maombi, madokezo, kumbukumbu za kikao na ripoti fupi, na kila kazi hupitia rasimu mbili kabla ya kupewa alama. Kwa sasa nyingine huja kwa barua pepe na nyingine kwa WhatsApp, nami hubaki nikitafuta rasimu ipi ndiyo ya mwisho. Kati ya Google Classroom na Moodle, mifumo ya mtandaoni ya kugawa, kukusanya na kusahihisha kazi, ipi inalifaa zaidi somo la namna hii?

Bahari Tulivu:
Mimi natumia Google Classroom, iliyoanza mwaka 2014, na sababu yangu kubwa ni historia ya matoleo. Ukimgawia kila mwanafunzi nakala yake ya waraka wa Google Docs, unaweza kuona aya zilivyojengwa siku baada ya siku, na ripoti iliyobandikwa nzima kwa mara moja usiku wa mwisho hujidhihirisha yenyewe. Mwanafunzi akishawasilisha, hawezi kuuhariri waraka huo mpaka umrudishie au yeye mwenyewe aondoe uwasilishaji wake. Faida hiyo hupotea akipakia faili la Word aliloandikia kwingine.

Fundi wa Seva:
Moodle, iliyotolewa mwaka 2002, haina ada ya leseni, lakini msidanganyike kwamba haina gharama: inahitaji seva (kompyuta inayoendesha mfumo huo), umeme wa uhakika na mtu anayehifadhi nakala rudufu. Chuo kikiwa na mtu huyo, mkufunzi hufungua upya kazi iliyosahihishwa, mwanafunzi akawasilisha tena, na kazi aliyowasilisha mwanzo ikabaki mahali pake pamoja na maoni. Unaweza pia kuficha majina wakati wa kusahihisha, jambo ninaloliona la haki katika somo ambalo alama hutegemea sana hukumu ya msomaji.

Karani Mstaafu:
Msiitupe barua pepe kabisa. Kuandika mada inayoeleweka, salamu inayostahili na jina la kiambatisho lisilo «kazi mpya ya mwisho 2» ni sehemu ya somo lenyewe, kwa hiyo barua ya maombi ipelekwe kwa njia hiyo na isahihishwe pamoja na ujumbe unaoibeba. WhatsApp ndiyo ningeiondoa, kwa sababu kundi huonyesha namba za wote, na kutangaza alama humo hakuendani na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili:
Shikamooni walimu. Wengi wetu tunaandika kwa simu, na anwani ya mwandishi iliyokaa vizuri kulia huhama faili likifunguliwa kwenye programu nyingine. Tunaomba rasimu ipokelewe katika muundo wowote, na PDF idaiwe kwa nakala ya mwisho tu.

Mkufunzi wa Jioni:
Marahaba, mwanangu, ombi lako nimelikubali. Kwa kuwa chuo chetu hakina mtu wa seva, muhula huu nitatumia Google Classroom kwa madokezo, kumbukumbu na ripoti, na barua ya maombi itakuja kwa barua pepe. Fundi, je, alama za Classroom zinaweza kuhamishiwa Moodle baadaye bila kuziandika upya moja moja?

Fundi wa Seva:
Zinaweza. Zipakue kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kisha uliingize kwenye daftari la alama la Moodle. Maoni uliyoandika pembeni ya waraka ndiyo hayatahama.