Wasimulizi wa silaha mtandaoni, nani kawadanganya kwamba AK-47 ni kopi ya bunduki ya Mjerumani?

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa majeshi yenye nguvu Afrika, hili ni lalamiko linalojitegemea na nina hasira kweli kweli.

Kuna haya machaneli ya simulizi za kijeshi ya Kiswahili, majina nayaacha, wapenzi wa mambo haya mnayajua. Sauti nzito, muziki wa kutisha kwa nyuma, halafu jamaa anaanza "siri ambayo Warusi hawataki uijue". Siri yenyewe eti Mikhail Kalashnikov hakubuni kitu, alichukua StG 44, bunduki ya Mjerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, akaigusagusa kidogo akaipa jina lake, na ushahidi ni picha mbili zimewekwa moja juu moja chini, magazini zote zimepinda. Basi. Mtu anavuna maviews kibao kisa magazini mbili zimepinda!

Magazini inapinda kwa sababu ganda la risasi ni nene nyuma na linapungua kuelekea mbele, ukizipanga thelathini zenyewe zinakata kona, hata angeitengeneza fundi wa Gerezani ingepinda tu.

Sasa fungueni ndani, maana bunduki ndo inajulikania huko. StG unachomoa pini ya nyuma, kitako kinatoka, halafu sehemu yote ya chini yenye triga na mshikio inaning'inia kwa mbele kama mlango kwenye bawaba. AK waliopita JKT wanajua, unabonyeza kile kitufe kwa nyuma, unanyanyua kifuniko cha juu, unatoa springi, unavuta pistoni na mzigo wake wote unatoka kwa pamoja. Bolti ya StG, yaani kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu risasi inapolipuka, inajifunga kwa kuinama. Ya AK inajifunga kwa kuzunguka, ina meno mawili yanayoingia kwenye nafasi zake nyuma ya mtutu, na ule mzigo wa pistoni unarudi nyuma kidogo kwanza ukiwa huru ndo unaanza kuizungusha bolti, kwa hiyo risasi inakuwa imeshatoka na presha imeshuka ndipo ganda linavutwa. Kuanzia hapo ni bunduki mbili tofauti kabisa. Ukitafuta ndugu wa karibu wa bolti ya AK nenda kaangalie Garand ya Mmarekani, na hata triga zinafanana. Ile sefti ndefu ya ubavuni inafanana na ya Remington Model 8 aliyobuni John Browning, bunduki ya mwanzoni mwa miaka ya 1900 huko. Ila hayo hawayasemi kwa sababu "Mrusi kamuibia Mjerumani" inauza zaidi.

Na sikatai Mjerumani ana haki yake. Wazo la risasi ya kati, ndogo kuliko ya raifo na kubwa kuliko ya bastola, yeye ndiye aliyelipeleka vitani kwa wingi, Warusi wakaziokota kwenye uwanja wa vita na mwaka 1943 huohuo wakaanza kuunda ya kwao ya milimita 7.62 kwa 39. Hilo liko wazi na hakuna anayelificha. Lakini kuchukua wazo la risasi na kukopi bunduki ni vitu viwili, ama sivyo kila mwenye gari la petroli ni mwizi wa Mjerumani.

Halafu wanaleta ya Hugo Schmeisser, Mjerumani aliyebuni hiyo StG. Ni kweli jamaa alikuwa kiwanda cha Haenel kule Suhl, ni kweli Warusi walimchukua wakampeleka Izhevsk Oktoba 1946 akakaa mpaka 1952. Msimulizi anaishia hapo anaweka muziki. Mbona hamalizii kwamba muda huo Kalashnikov hakuwa Izhevsk, alikuwa Kovrov, mamia ya kilomita kutoka hapo, na bunduki yake ya kwanza alishaiingiza kwenye shindano mwaka huohuo wa 1946? Ile ya 1947 iliyoshinda waliifumua na kuisuka upya hukohuko Kovrov yeye na Alexander Zaitsev, wakashindana na kina Bulkin na Dementiev, na uzalishaji ukaja kuanza Izhevsk 1948. Ramani tu ingewatosha.

Kambi ya pili nayo inanikera vilevile, hawa wa "sajenti mmoja akiwa amelazwa hospitali akabuni AK peke yake". Alijeruhiwa kweli, Oktoba 1941 karibu na Bryansk, alikuwa kamanda wa kifaru, na kweli alianza kuchora silaha kipindi cha matibabu. Ila alichochora ni bunduki nyingine kabisa ya risasi za bastola, na jeshi likaikataa. AK ilitoka baadaye kwenye timu na majaribio ya kufeli na kurudia. Hata baada ya kukubaliwa 1949 ile bodi ya bati, yaani mwili wa bunduki unaobeba bolti na triga, iliwasumbua kiwandani, wakarudi kuchonga bodi kwenye chuma kizima, nzito na ya gharama, mpaka 1959 ilipokuja AKM yenye bati la milimita 1. Hiyo stori ya miaka kumi ya kuhangaika na bati ndo tamu sasa, na hakuna anayeisimulia!

Nakiri Moscow wenyewe wamewapa hawa jamaa silaha. Septemba 2017 walizindua sanamu ya Kalashnikov, mchoro waliouchonga pale chini ukawa wa StG 44, wakaja kuukata na mashine siku chache baadaye kwa aibu. Ndo picha pendwa ya machaneli yetu. Mchongaji kachemka 2017, ushahidi wa 1947!

Na hii ya "AK haikwami hata uizike kwenye tope". Shusheni ile sefti muone, inaacha mwanya ubavuni mrefu tu, tope linaingia moja kwa moja kwenye njia ya bolti. Upande wa pili eti M16 ilikwama Vietnam kwa sababu Wamarekani hawajui bunduki. Jeshi lilibadilisha baruti, chemba ya mtutu haikupigwa kromu, na askari wakapewa bunduki bila vifaa vya kusafishia huku wakiambiwa inajisafisha yenyewe. Vijana wamekufa wameshika bunduki yenye ganda lililong'ang'ania ndani, mpaka kamati ya bunge lao chini ya Richard Ichord ikachunguza 1967. Makosa ya watu wa ofisini hayo, na wewe unamtupia lawama Eugene Stoner aliyeibuni.

Kilichonimaliza kabisa ni video ya Maji Maji. Mwaka 1905, babu zetu wana magobore na mikuki, pale Mahenge wanavunwa na bunduki za rashasha, halafu kwenye kava la video askari wa Mjerumani kashika AK. Miaka arobaini na kitu kabla haijazaliwa! Nimeandika komenti kistaarabu kabisa, ikafutwa, nikablokiwa.

Mwenye chaneli najua unapita humu. Njoo na StG yako, nionyeshe kipande gani kinachoingia kwenye AK. Kimoja tu.