Ushauri: Nataka miti ya asili nyuma ya nyumba Kibada ili ndege warudi, nianze na upi?

Mwana_Kibada (mleta uzi)
Habari za majukumu wakuu. Naomba wanaojua miti wanisaidie, na mnijibu mapema kwa sababu vuli inanukia na ikinipita nitangoja mpaka masika.

Nina eneo nyuma ya nyumba huku Kibada, Kigamboni, kama mita 20 kwa 30. Udongo ni mchanga mtupu, maji ya kisima yana chumvi kwa mbali. Mbele kuna miashoki kando ya ukuta na mwarobaini mmoja. Kunguru wamenichosha. Alfajiri mpaka jioni sauti ni zao tu. Zamani hapa ndege chozi walikuwa hawakatiki, shorewanda, mnana, dudumizi akilia tunajua mvua iko njiani. Sasa kimya. Nataka miti na vichaka vya pwani hii hii, viumbe wapate chakula na pa kujificha.

Nimefikiria mkuyu, mbuyu, mkwaju na mpingo. Nianze na upi, na umbali gani kutoka kwenye nyumba? Nawasilisha.

Fundi_Makaro
Mkuyu usithubutu. Mimi kazi yangu ni kuchimba na kuzibua makaro. Kuna nyumba Tabata tulifunua mfuniko tukakuta mizizi imejaa shimo zima, maji hayana pa kwenda, yanarudi chooni. Mwenye nyumba aliupenda ule mti kwa kivuli. Tulivunja kila kitu, tukachimba shimo jipya upande wa pili. Mti ulikuwa mbali na shimo, lakini mzizi wa mkuyu unafuata maji popote yalipo.

Kijana_wa_Temeke
Mbuyu nyuma ya nyumba? Wenyewe wakishahamia, kodi utawalipa wewe.

Dereva_Mbagala
Mkuu mimi niko tofauti. Vichaka ni nyoka. Jirani yangu aliacha majani yapande, tukatoa koboko uani kwa watoto. Fyeka, piga pevingi, ndege utawaona kwenye simu.

Mama_Chanika
Dereva, nyoka anafuata panya, na panya anafuata uchafu wa jikoni. Msiwasingizie miti.

Mwanangu wa Kibada, miti uliyotaja mizuri lakini umeruka ngazi. Ndege wadogo hawaanzii kwenye mbuyu, wanaanzia kwenye kichaka kinachokufika kifuani. Panda mkole. Sisi Wazaramo mkole tunauheshimu, mwali anajua habari zake. Matunda yake madogo, yakiiva shorewanda hawabanduki. Halafu mbungo, uache utambae kwenye uzio. Maua yake meupe yananukia jioni, na majani yanafumana mpaka paka hapenyi. Mtopetope mwitu nao hauwi mrefu, unavumilia mchanga. Mtonga una miiba, ndege akijenga humo kunguru anapata tabu kuingia. Chini panda mishubiri, ikitoa maua chozi atakuja mwenyewe, mdomo wake umeumbiwa maua ya namna hiyo.

Msitu_wa_Pugu
Mama Chanika amemaliza nusu ya kazi. Naongeza kuhusu kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India, wakasambaa pwani yote. Wanakula mayai na makinda. Kwa hiyo ukipanda miti ukaacha jalala wazi, umewajengea kunguru. Funika taka kwanza. Kisha panda vitu vilivyoshonana na vyenye miiba, kama alivyosema mama.

Miashoki na mwarobaini vyote vimetoka Asia. Sikuambii ukate, kivuli ni kivuli, ila ashoki kwa ndege wetu wadogo ni ukuta wenye majani tu.

Mkuyu ni mti mkubwa kwa viumbe. Unazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hata msimu ambao miti mingine haina kitu, ndiyo maana ninga, popo na komba wanaujua. Na kila tunda lilitungwa kwa kazi ya nyigu mdogo sana anayeingia ndani kuchavusha. Lakini Fundi yuko sahihi, chini ya mita 15 kutoka kwenye karo au msingi mimi nisingepanda.

Kijana_wa_Temeke
Kwa hiyo mwembe nao mgeni?

Msitu_wa_Pugu
Mwembe umetoka Asia. Mkorosho, mpera na mstafeli vimetoka Amerika. Hata muhogo. Lakini usitupe vyote, kwa mfano mdimu si wa asili yetu na bado yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anataga humo. Viwavi vyake vikiwa vichanga vinafanana na kinyesi cha ndege, watu wanavipulizia dawa halafu wanalalamika vipepeo hawapo.

Wakili_wa_Mtaani
Mimi miti siijui sana, ila nasoma watu. Mkuu umetaja mbuyu, mkwaju, mpingo na mkuyu. Mpingo kukomaa unaweza kuchukua miaka 70 na zaidi. Mbuyu sitaki hata kusema. Anayetaka chozi waje mwaka huu hapandi mpingo. Miti yote minne ni ya kumzika aliyeipanda. Na una haraka ya vuli hii hii. Kiwanja ni cha nani?

Mwana_Kibada
Naishi hapa tangu utotoni. Hati si mada ya uzi huu. Nimeuliza miti.

Wakili_wa_Mtaani
Tangu utotoni, maana yake ni kwa wazazi. Nani yuko hai?

Mwana_Kibada
Sawa. Ni kiwanja cha marehemu baba. Tuko wanne. Mirathi haijafungwa, kaka mkubwa ndiye msimamizi. Yeye na wawili wengine wanataka kiuzwe, mnunuzi anataka kufyeka kote ajenge fremu za maduka. Mimi ndiye niliyebaki hapa kumuuguza mzee. Ile kona ya nyuma aliiacha kichaka makusudi, alikuwa anakataza kufyeka kwa sababu ya ndege. Alipofariki kaka alileta watu, wakafyeka siku moja. Ndege walikwisha siku hiyo.

Mashimo nimeshachimba na miche nimeshalipia nusu. Sioni nimemkosea nani. Mti haumdhuru mtu. Na mtu anayekuja kununua akikuta miti imeshika, atafikiri mara mbili.

Dereva_Mbagala
Kumbe! Mimi ningewaachia. Wa kwetu Mkuranga tuligombania minazi ya babu mpaka misiba tukawa hatuzikani. Minazi yenyewe ilishazeeka, haizai.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana, mzazi akiondoka jambo la kwanza ni kukaa pamoja, si kupimana nguvu kwa mashimo. Kaka yako ni baba yako sasa. Nenda kwake na kanzu yako, ukae chini, uzungumze.

Wakili_wa_Mtaani
Mwalimu, kaka ni msimamizi, si mmiliki. Msimamizi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa apeleke orodha ya mali ndani ya miezi minne, kisha baadaye apeleke hesabu ya jinsi ilivyogawiwa. Muulize kama amepeleka. Kama anauza na warithi hamkubaliani, nenda mahakama hiyo hiyo uweke pingamizi kabla pesa haijashikwa. Hiyo ndiyo njia. Mti hauwi hati. Ukipanda leo wakishinda kesho, mnunuzi atakata mkuyu wako ukiwa mdogo, asubuhi moja tu, na hakuna atakayemzuia.

Mpita_Njia
Wazee mnakunywa chai hapa, hadithi ya kutunga. Mwanzo "nina eneo", sasa "cha marehemu", na kaka katili kaingia. Nimeona mtu anatangaza miche ya mkuyu na mpingo mitaa ya Tuangoma, kuvuka kidogo tu kutoka Kibada. Uzi unaanza na majonzi, ukurasa wa pili namba ya simu. Subirini.

Kijana_wa_Temeke
Chai ina tangawizi na iliki kabisa. Vitafunwa viko wapi?

Mwana_Kibada
Sijaweka namba na sitaweka. Ningekuwa nauza miche ningetaja bei tangu asubuhi. Nimekaa nawajibu huku nalia ninyi mnaniita muuza chai. Mnunuzi ameshapiga vigingi vyenye utepe mwekundu pembe zote. Walipofyeka hawakung'oa kila kitu, kuna mbungo mmoja umebaki kwenye uzio wa nyuma. Mzee ndiye aliyeupanda.

Mpita_Njia
Mbungo umetajwa na Mama Chanika juu hapo. Umeokota kwake.

Mama_Chanika
Basi nimuulize mimi. Mwanangu, ukivunja jani la mbungo unaona nini? Na tunda likiiva likoje?

Mwana_Kibada
Linatoa utomvu mweupe kama maziwa, ukikushika kwenye shati hautoki, mama alikuwa anatupiga kwa hilo. Tunda likiwa bichi ni kijani, likiiva linageuka rangi ya chungwa. Ndani mbegu zimefunikwa nyama kali, tunazisugua kwenye maji tunatia sukari nyingi. Tukimaliza juisi mbegu tunazimwaga pale pale uzioni, ndiyo maana ulikuwa umesambaa.

Mama_Chanika
Huyu anasema kweli. Kuhusu shati hakuambiwa na mtu.

Mpita_Njia
Sawa, mama. Narudisha maneno yangu. Lakini wa Tuangoma nimemwona kweli.

Msitu_wa_Pugu
Tuendelee basi. Kwa hali yako, gawa kazi. Mbungo uliopo uongoze kwa kamba ufunike uzio wote wa nyuma, huo ni wa mzee, hakuna atakayesema umeupanda juzi. Mishubiri na mikole ipange mbele yake. Hivyo hata wakiuza unaweza kuchukua vipandikizi na mbegu ukaondoka navyo. Weka beseni la maji lisilo na kina, jiwe katikati, ubadilishe kila siku mbu wasizaliane. Majani yaliyoanguka usiyachome, chini yake ndiyo kuna wadudu wanaoliwa na ndege. Mkwaju na mpingo vibaki kwenye viroba vikubwa, vitakaa humo muda mrefu tu bila kufa. Mkuyu mrudishie muuzaji.

Mwana_Kibada
Nimeelewa, ila mkwaju mmoja utaingia kwenye shimo. Uko mbali na karo, mbali na msingi, na mchanga wetu unaupenda. Alitaka mkwaju mzee, hakuwahi kuupata. Kaka akiuliza nitamwambia hivyo hivyo. Mkuyu narudisha. Mbuyu na mpingo vinakaa kwenye viroba.

Wakili_wa_Mtaani
Utaweka shimo lako, na mahakamani utakwenda?

Mwana_Kibada
Jumatatu. Dada yangu wa tatu ameanza kulegea, jana alinipigia kuuliza kama mbungo bado upo.

Mama_Chanika
Chini ya mkole wangu miche inajiotea yenyewe, njoo uchukue bure. Fika kabla ya saa mbili jua halijapanda, uje na ndoo na magunia ya kuloweka ufunike mizizi. Na huyo dada yako uje naye.