Naomba ushauri: niandike "Hommage" kwenye kibao cha mchoro?

Brashi_Kino: Wakuu, nina mchoro wa chui kwenye hadibodi, sm 60 kwa 60, rangi ya enameli, kwa mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga. Unaenda kwenye maonyesho. Nataka kibao kisomeke "Hommage à Tingatinga". Neno hili lina maana gani hasa? Watu hawatasema nimekopi?

Mwalimu wa Sanaa: Linafaa, mkuu. Limetokana na *homme*, yaani mtu, na asili yake ni *homo* la Kilatini. Ulaya ya zama za kati hommage ilikuwa tendo: anayepewa ardhi alipiga magoti kichwa wazi, bila silaha, akaviweka viganja vyake katikati ya viganja vya bwana wake na kutamka kwamba yeye sasa ni mtu wake. Hata wafalme hawakusalimika. Mwaka 1329 Edward III wa Uingereza alimfanyia hommage Philippe VI wa Ufaransa mjini Amiens, kwa ajili ya Guyenne, ardhi aliyoishika huko Ufaransa. Wasanii wakabaki na kile kiini: kukiri hadharani unayemheshimu. Tazama *Hommage à Delacroix* ya mchoraji Mfaransa Fantin-Latour, 1864, ya kumuenzi mchoraji mwenzake Delacroix. Picha ya Delacroix imetundikwa ukutani, na wasanii na waandishi walio hai wameizunguka. Mtindo wa Delacroix hakuuiga. Kuiga si sharti, kumtaja ndiyo sharti.

Malenga: Washairi wetu wanalo tendo hilo: takhmisa. Unachukua mishororo miwili ya mwenzio, unatanguliza mitatu yako, ubeti unakuwa wa mitano. Takhmisa ya Liyongo ndivyo ilivyo.

Fremu na Vibao: Kifaransa ni m mbili na *à* yenye alama, m moja ni Kiingereza, usichanganye. Au andika tu "Kumuenzi E. S. Tingatinga", kila mgeni ataelewa. Chini yake weka jina lako, mwaka, vifaa na vipimo. Sahihi iwe yako. Ukiweka ya kwake, hiyo ni kughushi.

Brashi_Kino: Asanteni sana. Na kama chui nimemtoa mstari kwa mstari kwenye kazi yake?

Mwalimu wa Sanaa: Hapo andika "Nakala ya", utaje na jina la kazi yenyewe. Mtindo hauna hakimiliki, mchoro mahususi unaweza kuwa nayo, kwa hiyo waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla hujauuza. Ukitaka ibaki hommage, badili mkao wa chui na mpangilio, uache yale madoa na mandhari ya rangi moja yamtambulishe mzee.