AMENIAMBIA "WEWE ULICHAPA TU"!!! Huyu mtu wa leseni pale chuoni atanitoa roho

Wakuu, natetemeka. Nimetoka ofisini kwake sasa hivi, nipo kituoni, daladala tatu zimenipita sijui hata zinaenda wapi. Mnamjua. Yule wa miwani juu ya paji la uso, mafaili yamepanda mpaka yanaziba dirisha.

Ile programu ya kusimamia dawa za zahanati nimeiandika mimi. Mwaka wa tatu na wa nne wote. Kompyuta yangu, bando langu, macho yangu. Chuo kimetoa msimamizi wa kusaini ripoti na kiti chenye miguu mitatu.

Lakini chuo kinadai programu ni yao. Basi nimeenda kiungwana, shati limepigwa pasi, naomba leseni niiuze. Masharti yake: milioni 20 kabla sijauza hata nakala moja. Mrabaha 15% ya mauzo ghafi. Siyo faida, MAUZO! Na kila nitakachoboresha kinakuwa chao. Yaani ng'ombe nilishe mimi, maziwa yao, na ndama akizaliwa zizini kwangu naye wao!

Nikasema mzee, hii bei inaua. Akashusha miwani. "Kijana, wewe ulichapa tu."

NILICHAPA! Kama barua ya kuomba likizo!

Nikamkumbusha Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1993 walitangaza ada ya leseni kwa seva za Gopher, mfumo wao wa kutafuta na kusoma taarifa mtandaoni, watu wakaanza kukimbia. Aprili 30 mwaka huohuo CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, wakaiachia wavuti (hii www) bure kwa dunia nzima. Leo nani anatumia Gopher? Akaniuliza huyo Gopher yuko kitivo gani.

Halafu akarudia. Ulichapa tu. Mara ya pili, wakuu, na katibu muhtasi anasikia.

Kitasa_Kibovu: Mkuu, ile fomu ya mwaka wa kwanza ulisoma kabla ya kusaini? Sera ya mali bunifu huwa imo humo humo.

Mleta uzi: Nilisaini begi likiwa kichwani na watu 300 nyuma yangu! Ndiyo sababu ya kuniita mchapaji?

Jirani Mpole: Sasa kuchapa kazi si sifa? Umetukanwa wapi hapo 😂

Dada wa Mikataba: Mdogo wangu, tulia. Omba leseni isiyo ya kipekee, yaani chuo kinaweza kumpa na mwingine, bei hushuka. Mrabaha udai uhesabiwe baada ya kutoa kodi na pesa walizorudishiwa wateja. Kifungu cha maboresho usikubali hata kwa mtutu, wape haki ya kuyatumia ila umiliki ubaki kwako. Hiyo milioni 20 wape hisa badala yake. Chuo Kikuu cha Stanford walichukua hisa 1.8 milioni za Google kama malipo ya leseni, wakaja kupata dola milioni 336.

Kitasa_Kibovu: Hisa za kampuni gani? Jamaa ofisi yake ni kituo cha daladala.

Mtu wa Takwimu: Chuo Kikuu cha Oslo wanaitoa bure DHIS2, programu ya takwimu za afya, nao ni chuo kikuu vilevile, na wizara ya afya ya hapa hapa inaitumia. Hawa wetu wanauza hata hewa ya korido.

Binti Mzigo: Afadhali wewe umepewa kiti ukakaa. Mimi cheti kimezuiliwa kwa kitabu cha maktaba nilichorudisha 2016. Kitabu ninakiona kwenye rafu! Nawaonyesha kwa kidole!

Jirani Mpole: Kitabu? Mimi hosteli walinidai balbu. Chumba hakikuwa na umeme.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. AMENIAMBIA NILICHAPA TU.

Binti Mzigo: Pole kaka. @Jirani Mpole hosteli ipi, ile ya bondeni?

Jirani Mpole: Hiyo hiyo. Ya kunguni.

Kitasa_Kibovu: Wale siyo kunguni, wale ni wapangaji wa kudumu. Mimi mmoja nilimkuta mwaka wa kwanza, nimehitimu nimemwacha palepale.